Jiwe Mkononi: Je, Umati Unaweza Kutenda Haki?

Neno la msingi: Hesabu 35:9–34



Jumapili iliyopita baada ya ibada, vijana wetu walibaki nyuma kupanga viti, na mazungumzo yakaanza. Walikuwa wametazama filamu ya kipelelezi, moja ya zile zinazosimuliwa kwa Kiswahili cha mtaani kwenye vibanda vya video. Ndani ya hiyo filamu kuna mtu anaua watu mmoja baada ya mwingine. Polisi wanazubaa. Mwishowe baba wa msichana mmoja aliyeuawa anaamua kumsaka mwenyewe. Anampata, anammaliza. Vijana wakasema kibanda kizima kilipiga makofi. Ndipo mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyo baba alitenda dhambi?"

Nikaanza kumjibu haraka haraka vile tumezoea: amri ya sita, usiue, mwisho. Akanikatiza. "Basi tuache filamu. Tuchukue Wanjala."

Hapo nikanyamaza. Nimekaa na swali hilo wiki nzima, na ndiyo sababu naandika.

Kisa chenyewe

Kwa wale waliosahau: Julai 2021 polisi walimkamata kijana wa miaka 20 aitwaye Masten Wanjala. Walisema amekiri kuwaua watoto wasiopungua kumi kwa muda wa miaka kadhaa, na kwamba aliwavuta wavulana kwa kujifanya kocha wa mpira. Wazazi nchi nzima waliingiwa na baridi. Nani hajamwachia mtoto wake aende uwanjani jioni?

Tarehe 13 Oktoba 2021, siku ambayo alitakiwa kupelekwa mahakamani, askari wa kituo cha Jogoo Road, Nairobi, walihesabu mahabusu wakakuta hayupo. Askari watatu wakakamatwa kwa sababu ya kutoroka kwake. Siku mbili baadaye, tarehe 15, Wanjala akaonekana kwao Bungoma. Watu wakamfukuza, wakamkamata, wakampiga mpaka akafa.

Habari ilipofika huku kwetu, wengi tulishusha pumzi. Siwadanganyi, hata mimi. Nilisema moyoni, "Afadhali." Polisi walishindwa kumlinda asitoroke, wanakijiji wakamaliza kazi kwa siku mbili. Basi kijana wetu ana hoja: ubaya uko wapi?

Mungu aliuliza kwanza

Tuanzie mwanzo kabisa wa Biblia, kwa muuaji wa kwanza. Kaini amemwua ndugu yake. Mungu ameona kila kitu. Hahitaji shahidi wala mpelelezi. Lakini anafanya nini? Anauliza. Anamuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi. Anampa nafasi ya kufungua kinywa. Kisha anamhukumu, na hukumu yenyewe si ndogo. Halafu anamwekea alama ili yeyote atakayemkuta asimwue (Mwanzo 4:15). Muuaji wa kwanza duniani alilindwa na Mungu mwenyewe dhidi ya umati.

Ukisoma mistari michache mbele utamkuta Lameki, mjukuu wa vitukuu vya Kaini, akijigamba mbele ya wake zake kwamba amemwua mtu aliyemjeruhi, na kwamba kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba. Mnaona njia ilivyokwenda? Kisasi hakikai pale ulipokiweka. Kinazaa. Alichoanza mmoja kwa wivu, mwingine anakifanya kwa majivuno.

Tena, kilio cha Sodoma kilipofika mbinguni, Mwanzo 18 inasema Bwana alishuka aone kama mambo ni kama yale aliyoyasikia. Mpendwa, tulia hapo kidogo. Mungu ajuaye yote alisema atashuka aone kwanza. Mimi na wewe, ambao hata hatujui nani alimwaga maji mlangoni asubuhi, tunamhukumu mtu kwa kusikia mtu mwingine akipiga kelele sokoni.

Jiwe langu

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni.

Siku ile iliyofuata kutoroka kwa Wanjala, nilikuwa katika soko moja kwenye barabara ya kutoka Rongo kuelekea Homa Bay. Kila redio ilikuwa inazungumza habari hiyo. Karibu na steji ya bodaboda palikuwa na mwanamume amemshika mkono mvulana wa miaka kama minane, na mvulana analia. Mtu mmoja akauliza, "Huyo mtoto ni wako?" Akajibu kwa kigugumizi kwamba ni wa dada yake. Mtoto akaulizwa kwa Dholuo, hakuelewa. Basi! Ikatosha. Sauti ikatoka nyuma: "Ni yule mwizi wa watoto!"

Sikumbuki nilivyoinama. Nakumbuka tu kwamba lilikuwa kwenye kiganja changu, jiwe la ukubwa wa embe. Mimi, mwalimu wa Shule ya Jumapili, Biblia iko kwenye mfuko wa koti. Kofi la kwanza lilikuwa limeshampata yule mtu, shati limepasuka.

Aliyemwokoa ni mama muuza omena. Aliingia katikati na sufuria yake akipiga kelele, "Namjua huyu! Ni mvuvi wa Mbita, ndiye huniletea omena!" Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Ndipo habari yote ikajulikana. Dada yake alikuwa amefariki Nairobi, naye alikuwa anamleta mtoto kwa nyanya yake. Mtoto amezaliwa Nairobi, hajui Dholuo, na alikuwa analilia mama.

Nililiacha jiwe lianguke polepole, ili mtu asisikie.

Tangu siku hiyo najua mambo mawili. La kwanza, woga unafanana sana na hatia. Mtu akizungukwa na watu hamsini atagugumia, hata kama hana kosa. La pili, sikuwa na shaka hata kidogo. Hasira inampa mtu uhakika ambao hajaufanyia kazi. Kama yule mama angekuwa amechelewa kufungua biashara asubuhi hiyo, leo ningekuwa muuaji, na pengine ningekuwa bado nawafundisha watoto wenu.

Umati mmoja, sauti moja

Mtu atasema, "Lakini huyo wako hakuwa na kosa. Wanjala alikuwa na kosa." Sawa. Lakini umati hauna mizani ya kuwatenganisha hao wawili.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2021, hapa jirani Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Nyanya wanne! Waliowaua nao waliamini wanaondoa uovu kijijini. Ukiondoa majina, kelele za Bungoma na kelele za Marani ni kelele zilezile: tunamjua, ni yeye, polisi hawatafanya kitu, tumalize. Tukiubariki umati unapompata mwenye hatia, tumeubariki pia siku utakapompata nyanya.

Wenzetu wa Kuria wanalijua jina Sungusungu. Lilianza miaka ya mwanzo ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi wa Tanzania, watu waliochoka kuibiwa ng'ombe na kupuuzwa, kisha likavuka mipaka. Tusiwe wanafiki: mahali pengi ng'ombe walianza kulala salama. Lakini baadaye upande wa Kisii kundi lenye jina hilohilo lililaumiwa kwa kuua watu. Ukimpa mtu rungu bila kumpa mtu wa kumuuliza, siku moja atakuja kwako.

Na kama bado una shaka, nenda Kalvari. Pilato aliuacha umati uamue. Marko 15 inatuambia Baraba alikuwa amefungwa pamoja na watu waliofanya mauaji katika maasi. Umati ulipopiga kura, aliyeachiliwa ni Baraba, na aliyesulubiwa ni Yesu. Mkristo anayeamini hukumu ya umati amesahau Mwokozi wake alikufaje.

Ukweli uliokufa Bungoma

Hili ndilo lililonifanya nibadilishe ile "afadhali" yangu.

Fikiria mama ambaye mwanawe alitoka kwenda kucheza mpira akapotea. Anasikia kuna mtu amekamatwa na anataja watoto. Anasubiri. Anataka kujua mambo machache tu: je, wangu ni mmoja wao? Alilala wapi usiku wa mwisho? Mwili uko wapi nikamzike? Aliyekuwa na majibu hayo ni mtu mmoja. Alipokufa kwa kipigo, alikwenda nayo. Umati ulisema unawatetea wazazi, lakini uliwafungia mlango. Kesi ile haikusikilizwa kamwe. Kama palikuwa na wenzake, hatutawajua. Kama alikiri yasiyo yake ili apumzishwe, hilo nalo hatutalijua.

Kwa hiyo haki si kufa kwa muuaji pekee. Haki ni ukweli kusemwa mbele ya watu, jina la marehemu kutajwa, na aliyefiwa kusikilizwa. Filamu hailijui hilo kwa sababu ndani ya filamu sisi watazamaji tumeshaonyeshwa muuaji ni nani. Mwandishi ametuambia. Katika soko la Rongo au Oyugis hakuna mwandishi anayekunong'oneza.

Mlango wenye bawaba mbili

Sasa soma Hesabu 35. Torati haikuwa laini. Muuaji aliyethibitika alikufa. (Mambo ya kunyonga tusibishane leo, Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema hukumu ya kifo isiwe ya lazima kwa kila muuaji.) Lakini angalia mpangilio. Ndugu wa marehemu alikuwa na haki ya kulipiza damu, na hasira yake Mungu hakuidharau. Ila palikuwa na miji sita ya makimbilio, na aliyeua alikimbilia humo asife kabla ya kusimama mbele ya mkutano ahukumiwe (mstari wa 12). Na shahidi mmoja peke yake hakutosha kumwua mtu (mstari wa 30).

Wengi wetu tunaishia hapo. Endelea na mstari wa 31: msipokee fidia kwa ajili ya uhai wa muuaji mwenye hatia. Yaani, hakuna kitu kidogo! Sura ileile inayomzuia mwenye jiwe ndiyo inayomzuia mwenye bahasha. Mungu aliweka mlango mmoja wenye bawaba mbili. Ukivunja moja, mlango wote unaning'inia. Askari akiuza faili, chifu akisema "mmalizane nyumbani", familia ikipokea ng'ombe mbili inyamaze kuhusu binti aliyeuawa, hao wote wanawaokotea vijana mawe.

Lakini polisi je?

Hapa ndipo mahubiri mengi hukwepa. Tunawaambia watu waiache serikali ifanye kazi, na watu wanatutazama tu.

Julai 2024 miili ya wanawake ilitolewa kwenye machimbo yaliyogeuzwa jaa la taka pale Kware, Nairobi, si mbali na kituo cha polisi. Mtu mmoja akakamatwa, na polisi wakasema amekiri kuua wanawake 42. Wakili wake akaiambia mahakama kwamba aliteswa ili akiri. Kisha tarehe 20 Agosti mshukiwa huyo akatoroka kituo cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine kumi na wawili. Jogoo Road, halafu Gigiri. Mwananchi akisema seli za Kenya zina milango ya karatasi, utamjibu nini?

Na Juni 2025, hapa hapa Homa Bay, mwalimu kijana Albert Ojwang alichukuliwa kwao na polisi kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akapelekwa Nairobi, na kesho yake akafa akiwa mikononi mwao. Mwanzoni tuliambiwa aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili ukaonyesha alipigwa. Kuna waliofikishwa mahakamani kwa mauaji yake, wakiwemo polisi. Nasema hivi: kumpiga mtu mpaka afe kabla hajafika kwa hakimu ni dhambi ileile, iwe umevaa sare au shati lililochanika. Tulilia kwa ajili ya Ojwang kwa sababu hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Basi tusimnyime mwingine nafasi hiyo tuliyomlilia.

Sijasema polisi waaminiwe ovyo. Nasema ubovu wa polisi ni sababu ya kuwafuatilia. Hautupi ruhusa ya kuwa kama wao.

Kupima kutoka kwenye maiti

Kumbukumbu la Torati 21 ina jambo tunaloliruka. Maiti ikikutwa shambani na aliyeua hajulikani, wazee walitoka wakapima umbali mpaka miji ya jirani. Mji ulio karibu zaidi ndio uliosimama mbele za Mungu, wazee wake wakanawa mikono na kutamka kwamba hawakumwaga damu hiyo wala hawakuona. Hakuna maiti ya mtu baki. Kila maiti ina mji wake wa karibu.

Septemba 2018 mwili wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, msichana mjamzito, ulikutwa katika msitu wa Kodera. Wengi wenu mnapita hapo mkienda Oyugis. Tukipima kamba kutoka Kodera, inafika kwa nani? Je, tunaweza kunawa mikono na kusema hatukuona? Binti akilia nyumba ya tatu tunaongeza sauti ya redio. Mgeni akikodi chumba na watoto wa jirani wanaingia na kutoka, tunasema si maneno yetu. Halafu siku ya maiti kupatikana tunakuwa wa kwanza kutafuta tairi. Hasira ya jioni haifuti ukimya wa asubuhi.

Wazee wa Kijaluo walijua damu si kitu chepesi. Mtu aliyeua, hata vitani, hakuingia nyumbani hivi hivi. Waliogopa chien, roho ya marehemu inayomfuata. Sisi tuliookoka hatufuati tambiko hilo. Lakini walikuwa na akili ya kuogopa, na sisi tunapiga picha kwa simu. Hesabu 35:33 inasema damu huitia nchi unajisi. Haikusema damu ya mwema peke yake.

Basi tufanye nini?

Usikae tu. Sheria ya Kenya inamruhusu raia kumkamata mtu anayeshukiwa kwa sababu za kweli kwamba ametenda kosa kubwa, ila amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kamata, zuia, linda, kabidhi. Ukimkabidhi, usirudi nyumbani: chukua namba ya OB, andika taarifa yako. Katiba inasema afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya kazi inayofuata. Kaulize kama alifikishwa. Kesi ikitajwa Migori au Homa Bay, nendeni hata watu watano, mkae hapo. Polisi akiharibu kazi, kuna IPOA ya kupokea malalamiko. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, ni bure. Na ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Kesi nyingi hufa kwa sababu waliokuwa tayari kupiga hawako tayari kusema.

Na kama hakuna mama wa omena siku hiyo, kuwa wewe. Yule mama hakuhubiri. Alisema tu, "Namjua huyu." Na kama humjui, sema, "Hatumjui bado." Neno hilo "bado" linaweza kuokoa uhai.

Kijana wangu, sasa nakujibu. Ndiyo, yule baba wa filamu alitenda dhambi, na nadhani Mungu alimlilia akiwa anaitenda. Wanjala hakustahili makofi wala sifa yoyote. Lakini alistahili kusimama mbele ya mkutano, na mkutano ulistahili kumsikia. Ungeniuliza kama ningekuwa baba wa mmoja wa watoto wale, sijui mkono wangu ungefanya nini. Kwa sababu hiyo nataka kanisa lije linishike huo mkono. Usije kuniongezea mawe.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni lini ulishawahi kuwa na uhakika kuhusu mtu, kisha ukakuta umekosea?
2. Katika mtaa wako, ni kilio gani unakisikia na hujakiulizia?
3. Soma Hesabu 35:30–31. Kati ya jiwe na bahasha, sisi hapa tunaanguka zaidi wapi?

Maombi

Bwana, wewe huuliza kabla ya kuhukumu. Wafariji wazazi ambao hawakupata mwili wa kuzika. Waguse askari waaminifu, uwafichue wanaouza haki. Na siku ile sauti itakapotoka nyuma yetu sokoni, ilegeze mikono yetu, ufungue vinywa vyetu. Katika jina la Yesu. Amina.